Mwizi wa Miguu Minne Katika Nyumba za Thika na Ruiru

Mahindi ya mvua ya masika yakisha kuvunwa katika mashamba ya Thika na Ruiru, yaani tangu mwezi wa Julai hata Septemba, shamba hubaki tupu. Mabua hukatwa yakapewa ng'ombe, na maharagwe huwa yamekwisha kung'olewa. Panya waliokuwa wakila shambani miezi yote ya mvua hukosa chakula na mahali pa kujificha, nao huyafuata mahindi huko yalikopelekwa. Ndiyo sababu wenye nyumba wengi husema kwamba panya wameingia ghafula, kana kwamba wametumwa na mtu. Hawakutumwa na mtu. Wamefuata chakula chao, na chakula chenyewe aghalabu kiko kando ya kitanda.

Kuweka mahindi katika chumba cha kulala si desturi ya zamani. Wakikuyu wa zamani waliweka nafaka katika ikumbi, yaani ghala dogo la fito zilizosukwa, lililoezekwa kwa nyasi na kuinuliwa juu ya nguzo, likasimama peke yake uani. Panya akitaka kuingia humo ilimbidi apande, na akipanda aliweza kuonekana. Siku hizi maghala mengi ya namna hiyo yameachwa, wala si kwa uvivu. Watu wanaogopa wezi. Mtu mwenye mkokoteni aweza kubeba katika usiku mmoja kazi ya msimu mzima. Basi magunia huingizwa ndani, hupangwa kando ya ukuta, na mlango hufungwa kwa kufuli. Kufuli humzuia mwizi wa miguu miwili. Yule wa miguu minne amekwisha kupita chini ya mlango.

Yafaa kufanya hesabu ya hasara yake, kwa maana watu wengi huiona kuwa ndogo. Panya mkubwa wa nyumbani, yule mweusi au wa kijivu ambaye mkia wake ni mrefu kupita mwili, ana uzito wa gramu 150 hadi 200. Kila siku hula kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani gramu 15 hadi 20. Hicho ni kiasi kidogo kisichoonekana katika gunia. Lakini nyumba yenye panya ishirini hupoteza gramu 400 kwa siku, kilo 12 kwa mwezi, na baada ya miezi saba na nusu gunia zima la kilo 90 limekwisha. Hiyo ni hasara ya meno peke yake. Kila panya huacha vinyesi arobaini au zaidi kwa siku moja, na hukojoa kila apitapo, hata mahindi yaliyochafuliwa huwa mengi kuliko yaliyoliwa. Tena panya hupenda kula kiini cha punje, na punje isiyo na kiini haioti. Mwanamke aliyechagua mbegu zake nzuri akazitia katika kikapu huzikuta zikali zimejaa kikapuni, lakini akizipanda hazitoki ardhini.

Jambo jingine la kufahamu ni meno yenyewe. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Asipoguguna yatamzidi urefu, naye hataweza kula. Kwa hiyo huguguna hata vitu visivyo chakula: mbao, sabuni, mabomba ya plastiki na nyaya za umeme. Nyumba iliyotiwa umeme juzi na yenye panya darini imo katika hatari ya moto.

AINA ZAO NA KUZAA KWAO

Katika nchi hii panya wanaosumbua nyumba ni hasa wa namna tatu. Wa kwanza ni yule mkubwa wa mkia mrefu aliyekwisha kutajwa. Huyu hupenda kukaa juu, darini na katika mapaa ya nyasi. Wa pili ni panya mdogo wa nyumbani, ambaye hupita katika tundu lenye upana wa milimita 6 tu, yaani unene wa kalamu ya risasi. Wa tatu ni panya wa shamba, wa rangi ya udongo, ambaye jike wake ana chuchu nyingi sana, hata 24. Huyo wa tatu ndiye asiyeaminika kwa wingi wa kuzaa. Huzaa watoto kumi au kumi na wawili kwa mara moja, na pengine ishirini, baada ya mimba ya siku 23 hivi. Mvua ikiwa njema na nyasi zikatoa mbegu nyingi, idadi yao huongezeka kwa namna ya ajabu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1962. Ukame ulikuwa umefuatwa na mvua kubwa za mwaka 1961, na panya wakazidi katika mashamba ya Bonde la Ufa wakaharibu ngano, shayiri na mahindi.

Methali yasema kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Mwenye methali alikuwa akisema habari za watu, kwa maana panya wengi huchimba mashimo mengi.

Panya buku, yule mkubwa kama paka mdogo, naye huiba nafaka pengine, lakini si yeye anayejaza nyumba. Tena amepata sifa njema siku hizi. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao aitwaye Magawa, aliyefanya kazi hiyo katika nchi ya Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na chama kimoja cha Uingereza cha kutunza wanyama. Fuko naye, achimbaye chini ya viazi na ndizi, si mgeni wa nyumbani. Dawa yake ni mtego wa kitanzi uliofungwa katika kijiti kilichopindwa juu ya njia yake, kama wazee wanavyojua.

MAGONJWA

Mwaka 1902, wakati Nairobi ilipokuwa kambi ya reli iliyoanza kuwa mji, tauni ilizuka katika soko la Wahindi, na soko hilo likachomwa moto. Wakati huo mambo mawili makubwa ya tauni yalikuwa yamejulikana kwa miaka michache tu. Mwaka 1894 daktari Alexandre Yersin aliviona vijidudu vyake huko Hong Kong. Mwaka 1898 daktari mwingine, Paul-Louis Simond, aliyefanya kazi Karachi, alionyesha kwamba kiroboto ndiye anayeichukua kutoka kwa panya mmoja na kumpa mwingine. Panya mwenye tauni akifa mwili wake hupoa, na viroboto humwacha wakatafuta damu yenye joto. Ikiwa mtu amelala karibu, watamwendea yeye. Hupata homa kali, na mtoki mkubwa wenye maumivu huvimba katika kinena au kwapa. Siku hizi dawa za hospitali huponya tauni zikianzwa mapema. Walakini ugonjwa wenyewe haujakwisha duniani. Nairobi ulionekana tena mwaka 1990, na katika Kongo ya mashariki na kisiwa cha Madagaska umeendelea kuwapata watu hata katika karne hii.

Kwa ajili hiyo, mtu akikuta panya wengi wamekufa nyumbani au uani, na hakuna aliyetega sumu, asiwashike kwa mkono wala asiwaache watoto wawachezee. Apeleke habari upesi kwa Bwana Afya au kwa zahanati iliyo karibu.

Kuna ugonjwa mwingine usio na kiroboto. Huo hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, nao humwingia mtu aliye na mkwaruzo mguuni akikanyaga maji machafu, au anywaye maji yaliyochafuliwa.  Mwezi wa Julai 2022, watu walipougua katika mkoa wa Lindi, Tanzania, na wengine wakafa, jina la homa ya mgunda likajulikana sana. Dalili zake ni homa, maumivu ya kichwa na misuli, na pengine macho kuwa ya manjano. Mtungi wa maji usio na kifuniko katika nyumba yenye panya ni jambo la hatari.

Na wale wanaoumwa nyayo usiku? Watu husema panya huuma huku akipuliza. Hapulizi. Ngozi ngumu ya kisigino haina hisia nyingi, na mtu aliyechoka kwa kulima hulala fofofo. Panya hufuata harufu ya chakula katika mikono na midomo ya watoto, kwa hiyo mtoto anawe kabla ya kulala, hata kama amekwisha kusinzia.

NJIA YA KUMSHINDA

Wenye nyumba wengi huanza na sumu. Huko ni kuanza mwisho. Panya kumi wakiuawa na mahindi yakabaki wazi, wengine kumi watakuja kuchukua nafasi yao kabla ya mwezi kwisha. Kazi ya kwanza ni kumnyima chakula.

Mwenye nafasi uani na asiyeogopa wezi sana ajenge ghala juu ya nguzo zenye urefu wa futi tatu au zaidi, mbali na ukuta na matawi ya miti, kwa kuwa panya aweza kuruka karibu futi tatu. Kila nguzo ivikwe kofia ya bati, kama faneli iliyogeuzwa mdomo chini. Panya apandaye nguzo hufika chini ya kofia hiyo akakosa njia. Bati la zamani latosha, mradi lisiwe na matundu. Ngazi isiachwe imeegemea ghala usiku. Kosa hili huonekana katika boma moja baada ya jingine: ghala zuri, kofia nzuri, na ngazi imesimama pale pale kama daraja.

Ambaye hana budi kuweka mahindi ndani ya nyumba asiyaweke chini wala yasiguse ukuta. Ajenge kichanja, aache nafasi ya kupita mtu kati ya magunia na ukuta, apate kufagia na kuona nyuma. Ni bora zaidi kutumia chombo cha chuma. Pipa safi lenye kifuniko lafaa, ila lisiwe pipa lililokuwa na dawa za shamba hata kidogo. Silo za bati zinazotengenezwa na mafundi nchini ni nzuri sana, kwa maana panya hawezi kulitoboa bati. Mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa huwaua wadudu wa mahindi, lakini panya huitoboa, na ikitobolewa haina kazi tena. Nayo pia yataka kichanja.

Mahindi ya kutiwa katika chombo kisichopitisha hewa sharti yawe makavu kabisa, la sivyo yataota ukungu wenye sumu. Kuna njia ya kuyapima bila ya chombo cha gharama. Chumvi kavu kidogo na mahindi konzi moja hutiwa katika chupa kavu ya kioo, ikatikiswa vizuri na kuachwa dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji na yarudishwe juani. Ikidondoka yote chini, yamekauka.

Kisha nyumba yenyewe. Matundu ya ukuta yazibwe kwa saruji iliyochanganywa na vigae vya chupa, na yale madogo yajazwe nyuzi za chuma za kusugulia sufuria kabla ya kupakwa. Kipande cha bati kipigiliwe chini ya mlango ili kisibaki kipenyo. Vyakula vya kuku visilale nje. Kuni na matofali ya zamani yaondolewe ukutani, na nyasi zikatwe kandokando ya nyumba, kwa maana panya huchukia kuvuka mahali peupe. Panya wakipungua nyoka nao hupungua, kwa sababu nyoka wengi huja nyumbani kuwawinda wao.

Katika Ruiru mambo ni magumu zaidi. Mji huo, ambao jina lake lilipewa aina ya kahawa ya Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ulihesabiwa kuwa na watu wapatao 490,000 katika sensa ya mwaka 2019, na mashamba mengi ya kahawa yamekwisha kuwa viwanja vya nyumba. Kila shamba linapong'olewa panya wake huhamia kwa majirani. Katika ploti za kupangisha, vyumba kumi huwa chini ya paa moja lisilogawanywa, na panya hutembea juu ya vyumba vyote kama barabarani. Mpangaji mmoja akitega peke yake anajisumbua. Wapangaji na mwenye ploti wapatane siku moja ya kuziba, kuondoa taka na kutega pamoja. Pipa la taka lenye kifuniko hugharimu pesa kidogo kuliko sumu ya mwaka mzima.

Baada ya hayo ndipo mitego hufaa. Panya hukimbia akigusa ukuta kwa masharubu yake, kwa hiyo mtego wa kubana uwekwe ukutani, upande wenye chambo ukigusa ukuta. Panya mkubwa huogopa kitu kipya. Mtego uachwe siku tatu una chambo bila ya kutegwa, hata azoee, kisha utegwe. Panya mdogo hana woga huo, lakini hatembei mbali, hivyo mitego yake iwekwe kila baada ya hatua mbili au tatu. Omena, karanga zilizopondwa au kipande cha parachichi ni chambo kizuri kuliko mahindi ambayo panya anayo tele. Asiye na mtego wa kununua achukue debe, alitie maji hata nusu, apitishe waya juu yake wenye gunzi la mahindi linaloweza kuzunguka, alipake gunzi karanga, na aegemeze ubao kuwa ngazi. Panya akirukia gunzi huzunguka nalo na kutumbukia. Debe hilo liwekwe mahali ambapo mtoto mdogo hawezi kufika.

Paka ni msaidizi mwema, hasa kwa panya wadogo, ila asinyimwe chakula kwa kudhani kwamba njaa itamfanya awinde. Paka mwenye njaa huhama. Na bundi, ambaye watu wengi humfukuza kwa mawe wakisema analeta kifo, ni mwindaji kuliko paka. Akiwa na makinda hukamata panya usiku kucha. Kifo alicholeta ni cha panya.

HABARI YA SUMU

Dawa nyingi za panya zinazouzwa madukani zimetokana na ajali ya mashambani huko Marekani. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa huko na wa Kanada walikufa kwa kutokwa na damu isiyoganda, baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja alimpelekea Profesa Karl Paul Link, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ng'ombe aliyekufa na kopo la damu isiyoganda. Link na wenzake waliitafuta sumu hiyo kwa miaka mingi wakaipata, na mwaka 1948 dawa ya wafarini ikaanza kuuzwa kwa kuua panya. Nguvu yake ni kwamba haiui mara moja. Panya hula siku kadha bila ya kuhisi kitu, na wenzake hawaoni sababu ya kuogopa. Baadaye wakatokea panya wasiodhurika nayo, kwanza huko Scotland mwaka 1958, ndipo zikatengenezwa zilizo kali zaidi. Zote za jamii hii zina dawa ya kuzuia madhara yake, nayo ni vitamini K inayotolewa hospitalini.

Unga usio na jina uuzwao na wachuuzi katika masoko na vituo vya matatu ni jambo jingine. Mnunuzi hajui ni sumu gani, na mtoto akiila hata daktari hajui atibu nini. Sumu inunuliwe katika duka la dawa za shamba, ikiwa na karatasi yenye maelezo na namba ya kusajiliwa na bodi ya serikali, PCPB. Isichanganywe katika sufuria ya kupikia wala kutiwa katika chupa ya soda. Iwekwe ndani ya kipande cha bomba au mwanzi chenye urefu wa nusu mita, kilicholazwa ukutani; panya huingia humo kwa furaha, na kuku na mtoto hawafiki. Panya waliokufa wafukiwe kwa kina, wasiokotwe na mbwa au bundi. Mtu akila sumu asilazimishwe kutapika; apelekwe hospitalini saa ile ile, na paketi ya dawa ichukuliwe pamoja naye.

Panya wakiacha kuonekana, mitego isiondolewe bado. Iachwe hata wiki nne, ikikaguliwa kila asubuhi, kwa kuwa jike mmoja aliyebaki na mimba atakuwa amezaa kabla ya muda huo kwisha, na mahindi ya mvua ya vuli yatakuwa karibu kuingizwa ndani.